Ziwa Alilokuwa Akienda Baba

Baba alipatwa na kiharusi Jumatano asubuhi, akiwa amelala chali chini ya cherehani ya mteja, anatafuta skrubu iliyodondoka. Mkono na mguu vilibaki salama. Kilichoharibika ni upande wa kushoto wa uso: jicho likakataa kufumba, shavu likalegea, na chai aliyopewa hospitalini ikawa inamchuruzika kidevuni bila mwenyewe kujua. Daktari akatuambia tumshukuru Mungu, ni kiharusi kidogo. Tukamshukuru. Lakini daktari yule hakujua kwamba mgonjwa wake, ukiacha ufundi wa cherehani, ni mpuliza saluang, na kwamba filimbi hiyo hupulizwa kwa pembe ya mdomo. Pembe ya Baba, tangu ujana wake, ilikuwa ya kushoto.

Aliporudi nyumbani alikaa siku tatu bila kugusa chochote. Siku ya nne nilimkuta uani ameelekea ukutani, mwanzi mdomoni. Nilisikia upepo mtupu, kama wa mtu anayepuliza kuni mbichi. Akahamishia upande wa kulia. Upepo mtupu tena. Akaishusha, akaipangusa kwa pindo la msuli wake, ndipo aliponiona.

"Yul," akasema, na jina langu likatoka limepinda, "mdomo wako mzima?"

"Mzima, Baba."

"Basi nitauazima."

Mimi ni Yulisma, binti yake wa kwanza. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, nashona mapindo ya mitandio katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Filimbi sikufundishwa, niliiba. Kwetu wanaume hupuliza na wanawake huimba, na hakuna aliyefikiria kunipa saluang mkononi. Ila Baba alikuwa na moja kuukuu iliyopasuka kidogo, aliyokuwa akiiacha juu ya kabati kila alipoondoka, na Baba aliondoka mara nyingi. Nilijifunza kuzungusha pumzi kwa kupuliza mapovu kwenye bilauri ya maji kwa bua la jani la mpapai, mapovu yasikatike huku navuta hewa kwa pua. Huo ndio ufundi wenyewe. Saluang haikati pumzi. Mpulizaji akisikika anavuta hewa, wazee huinamisha nyuso kana kwamba mtu kateleza mbele ya wakwe zake.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne Baba alinifuma. Hakunigombeza. Alinisogezea kidole cha pete kikae sawasawa juu ya tundu, kisha akaenda kula.

Sasa alihitaji mdomo wangu kwa sababu hii. Miezi miwili kabla ya ugonjwa, kituo cha sanaa cha mjini kilikuwa kimewaalika wapulizaji watano, kila mmoja aje na wimbo mpya wa filimbi peke yake, bila mwimbaji, kuhusu mahali anapopapenda. Wanne wangetaja vijiji vyao. Baba aliandika Talago Limau, ziwa dogo la milimani nyuma ya mashamba ya chai. Kulifikia ni saa tatu za basi na saa nzima ya miguu. Alikuwa akienda huko tangu kabla sijazaliwa. Angefunga spana zake na filimbi kwenye mfuko, aseme mlangoni, "Napanda juu," na kukaa huko siku nne, safari nyingine siku tisa. Hatukuwahi kwenda naye. Hakuna aliyekatazwa wala aliyeitwa.

Tukaanza kila alasiri, baada ya mimi kufunga cherehani. Yeye anahema na kuimba puani kwa mdomo wake uliopinda, mimi napuliza. Wimbo alikuwa nao kichwani kwa miaka, vipande vipande: kipande cha ukungu unapokaa juu ya maji asubuhi, kipande cha maji yakiwa hayana hata mkunjo, kipande cha upepo unaokuja jioni kutoka upande wa chai. Ulikuwa wimbo mzuri. Nasema hivyo mimi niliyekuwa na sababu ya kuuchukia. Ulipanda taratibu, ukakaa, ukashuka bila haraka, kama mtu anayeketi baada ya kazi ndefu.

"Hapana," Baba akawa anasema. "Tena."

Napuliza tena.

"Hapana. Vidole ni sawa, sauti ni sawa. Lakini mwisho wa kila mstari unangoja."

"Sikati pumzi, Baba."

"Sijasema umekata. Nimesema unangoja. Unasimama kama mtu aliyesikia mlango. Kule hakuna kinachongojewa, mwanangu. Kule ni utulivu mtupu."

Wiki mbili alinirudishia neno hilo hilo. Siku moja nikaiweka filimbi chini nikamwambia kwamba sijui ziwa lenyewe, napuliza kitu ambacho sijawahi kukiona. Nilisema kwa hasira. Yeye akalichukua kama ushauri.

"Kweli," akasema. "Jumamosi tunapanda."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Alimtazama, akanitazama mimi. "Mvalishe kofia," akaniambia. "Sutan akipigwa na baridi shavu litazidi kulegea."

Sutan ndilo jina la heshima alilopewa Baba siku ya ndoa. Kwetu nyumba ni ya ukoo wa mke, mume huja kuishi humo, na wakwe hawamwiti jina alilozaliwa nalo. Hata majirani walimwita Sutan. Mimi mwenyewe nilijua jina lake ni Dasril kwa sababu niliwahi kuliona kwenye fomu ya shule.

Tulifika ziwani Jumamosi saa nne asubuhi. Njia nzima ya miguu Baba alitembea mbele yangu bila kupumzika, yeye ambaye nyumbani alishika ukuta kwa kizunguzungu akienda msalani. Mwisho wa njia kulikuwa na banda la mbao lenye moshi, na mwanamke mzee mnene anakaanga kitu kwenye sufuria. Akainua uso.

"Wee Dasi," akasema. "Hujafa?"

"Nilijaribu," Baba akasema. "Wamenirudisha, eti foleni ni ndefu."

"Na mdomo umeenda wapi?"

"Umehamia kulia. Umechoshwa na majirani wa kushoto."

Mwanamke akacheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi. Wanaume wawili waliokuwa wanakunywa kahawa ya majani ya mbuni kwenye vifuu vya nazi wakasogea kumpisha. Mmoja akamwambia cherehani ya mkewe inatafuna uzi tangu mwezi wa Ramadhani. Baba akamjibu haitafuni uzi, inatafuna mshonaji asiyejua kuitia mafuta. Wakacheka tena.

Mimi nilikuwa nimesimama nje ya banda na mfuko begani. Katika miaka yangu yote sikuwahi kumsikia baba yangu akifanya mzaha. Nyumbani alikuwa mtu wa "ndiyo", "hapana" na "chakula kitamu". Nilidhani ndivyo alivyoumbwa.

Nitasema wazi nilichofikiri kwanza. Nilimtazama yule mwanamke, nikatazama mikono yake, nikatafuta mtoto mwenye pua ya baba yangu. Nadhani aliliona hilo, kwa maana alinipa kifuu cha kahawa na mkate wa mchele wenye moto, akaketi karibu yangu.

"Wewe ndiye Yul," akasema. "Mimi Sarinam. Marehemu mume wangu ndiye aliyemleta baba yako hapa mara ya kwanza, akiwa bado kijana. Alikuwa akilala kule kwenye ghala la vitunguu, na mbu wake. Usiwe na wasiwasi."

"Sina wasiwasi, Mama."

"Unao. Ningekuwa wewe ningekuwa nao pia." Akavunja mkate. "Alikuwa akikutaja. Anasema, yule mwanangu anaiba filimbi yangu akidhani sijui. Naiacha makusudi pale juu ya kabati."

Mtu mwingine angefurahi. Mimi maneno yale yaliniingia kama mwiba. Alikuwa ananisifu kwa wauza vitunguu, saa tatu za basi kutoka nilipokuwa nimeketi.

Baadaye Baba alinipeleka ukingoni. Lilikuwa ziwa kama alivyoliimba. Maji yalikuwa yametulia hadi miti ya ng'ambo ilionekana mara mbili. Ndege mmoja mweupe alisimama kwenye kina kifupi wala hakutikisika. Baridi ilikuwa ya haki, isiyouma. Tuliketi juu ya gogo, jicho lake lisilofumba likawa linatoka machozi, nisijue kama analia au ni ugonjwa.

"Umeona?" akasema. "Hakuna kinachongojewa."

Nikamwuliza, "Jiko lilipoungua, ulikuwa umeketi hapa?"

Nilikuwa na miaka kumi wakati ule. Moto ulianzia kwenye kichanja cha kuni, bibi, mama yake Mama, akaungua mikono yote miwili akivuta magunia ya mpunga. Mjomba, kaka yake Mama, ndiye aliyekuja na watu na ndoo. Siku tatu mfululizo nilitoka shule nikaenda kusimama mahali basi la milimani linaposhusha abiria. Siku ya nne Baba alishuka, mkononi ameshika samaki wadogo waliokaushwa kwa moshi, wamefungwa kwenye jani la mgomba, na uso wake una furaha. Furaha ile niliiona ikizimika alipofika mlangoni. Akauliza, "Nisaidie nini?" Mjomba akamwambia, "Tumeshamaliza, Sutan. Pumzika." Naye akasimama uani na samaki wake, kama mgeni aliyekuja siku ya msiba wa watu asiowajua. Wiki iliyofuata akapanda tena.

"Nilikuwa hapa," Baba akasema sasa. "Pale, kwenye lile jiwe. Nilikuwa nimepata kile kipande cha ukungu."

"Nilikungoja kituoni siku tatu."

"Hukuniambia."

"Nilikuwa na miaka kumi."

Kisha akaanza kusema, akiyatazama maji, maneno yanamtoka kwa shida kwa sababu ya mdomo. "Wazee wanasema mume katika nyumba ya mke ni jivu juu ya kisiki. Upepo ukija, limekwisha. Bibi yako hakunitesa, usidhani. Mjomba wako hakunitukana hata siku moja. Lakini miaka thelathini na minne hakuna aliyeniuliza kitu kikubwa kuliko kama nimekula. Ninyi mlipokosea, aliyewaonya ni mjomba. Mlipotaka kuolewa, alikaa mjomba. Hapa naitwa Dasi. Hapa nikisema uongo mtu ananibishia. Nilikuwa nakuja hapa kuwa mtu, Yul."

"Mimi sikuwa nyumba ya wakwe," nikamwambia. "Sikuwa bibi wala mjomba. Nilikuwa mtoto wako. Mimi ningekuita Dasi kama ungetaka."

Ndege mweupe akapiga hatua moja. Nikachukua saluang kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya na mikono yangu, nikajaribu kipande cha maji. Haikutoka hata sauti moja ya maana. Kwa hiyo tukakaa hivyo, baba na mwana, mbele ya mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kuona, na kati yetu hakuna aliyeweza kupuliza.

Tukarudi kwa basi la jioni.

Nilimwambia Mama kesho yake, tukiwa tunakata mchicha. Nilitaka akasirike. Nadhani miaka yote nilikuwa nimebeba hasira nikiamini nambebea yeye.

"Huko anachekesha watu," nikasema. "Wanamwita Dasi. Wanashika mbavu."

"Alikuwa mchekeshaji hata wakati ananichumbia," Mama akasema.

"Na wewe hukuumia anapoondoka?"

Alifikiri kwa dakika nzima. Mama yangu si mtu wa kujibu tu ili ajibu. "Bibi yako alipokuwa hai," akasema, "mimi nilikuwa mfereji. Manung'uniko ya huku yanapita kwangu kwenda kule, ya kule yanapita kwangu kurudi huku. Mama hataki hiki, Sutan hapendi kile. Akipanda mlimani mfereji unakauka. Nalala katikati ya godoro." Akatupa mizizi kwenye ndoo. "Akirudi namwona mpya. Ndiyo maana tumefika hapa. Wengine waliofunga ndoa mwaka wetu wameachana zamani."

"Na sisi watoto?"

"Mlikula. Mlilala."

"Nilikuwa nasimama kituoni, Mama."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakuona." Akaendelea kukata mchicha, nami sikujua nimshtaki nani tena.

Siku nne kabla ya kwenda mjini Baba aliniita. "Tuache," akasema. "Nitawapigia simu niwaambie naumwa. Si uongo. Ziwa lile halipulizwi na mtu aliye hivyo."

"Nitaupuliza," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimeujua wote. Nimeshonea watu usiku ili alasiri nijifunze wimbo wako. Huwezi kuuazima mdomo wa mtu kisha uutupe."

Akanitazama kwa jicho lake zima. "Basi usingoje," akasema. "Nakuomba hilo tu."

Tulipuliza mchana, baada ya sala ya adhuhuri, katika ukumbi wenye viti vya plastiki. Walikuja wazee wengi wa filimbi, na nilipopanda jukwaani nikasikia mmoja akimwuliza mwenzake, "Huyu ndiye mwimbaji? Mpulizaji yuko wapi?" Mwenzake akasema, "Labda yuko chooni." Baba alikuwa mstari wa mbele, na Mama kando yake na leso mkononi kwa ajili ya kidevu chake.

Kipande cha ukungu kilikwenda vizuri. Nilipuliza kama alivyotaka, bila mkunjo, pumzi inaingia puani na kutoka mdomoni isijulikane mwanzo wala mwisho. Nikaingia kwenye maji. Nikaliona gogo, na ndege, na lile jiwe alilonionyesha. Halafu pumzi ikakata.

Ilikata kabisa. Ukumbi mzima ulinisikia nikivuta hewa kwa mdomo kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Wazee wa mstari wa pili wakainamisha nyuso. Nilikuwa na nafasi ya kuruka mbele, kuunga pale pale na kufunika kosa, kila mpulizaji anajua namna. Sikufunika. Niliuacha ule ukimya ukae, nikaungoja, kisha nikaanza mstari uliofuata. Mwisho wake nikakata tena. Na mwisho wa mwingine. Katika kipande cha upepo nikakata mara ya mwisho, mahali Baba alipokuwa ameweka sauti ndefu kuliko zote, na ukimya wangu ukawa mrefu kuliko sauti ile. Nikamaliza, nikashuka.

Watu walipiga makofi ya kumsaidia mtu aliyeanguka. Mwanamume wa kituo akanishika bega akasema jukwaa ni kitu kigumu kwa mara ya kwanza. Mwanamke mmoja wa makamo, ambaye sikumjua, alinifuata hadi kwenye ngazi, akafungua kinywa aniambie neno, akaghairi, akaondoka.

Baba nilimkuta kwenye baraza ya nje amekaa peke yake, Mama ameenda kutafuta maji.

"Umekata pumzi," akasema.

"Ndiyo."

"Mara nne."

"Ndiyo, Baba."

"Makusudi?"

"Ya kwanza haikuwa makusudi."

Akatikisa kichwa polepole. Alipangusa kidevu chake mwenyewe. Nilingoja aseme ameona, ameelewa, anisamehe au aniombe msamaha, nami sijui ni lipi kati ya hayo ningelipokea. Alichosema ni, "Wimbo wangu haukuwa na kitu hicho." Hakusema kwa hasira. Alisema kama fundi anayeeleza mashine ilivyokuwa kabla haijaguswa na mtu mwingine.

"Najua," nikasema.

"Umeniharibia mbele ya wenzangu."

"Najua hilo pia."

Mama akaja na maji, tukapanda gari.

Miezi mitatu tuliishi kwa heshima, na heshima katika nyumba yetu ni kitu cha baridi. Nilishona. Yeye alitengeneza cherehani zilizoletwa mlangoni, kwa kuwa daktari alikuwa amemkataza kusafiri peke yake, nami sikujitolea kumpeleka juu. Mama alijaribu mara mbili kutuweka mezani pamoja, kisha akaacha.

Mwisho wa masika akaja kijana wa mji wa Payakumbuh, mpulizaji aliyekuwa mmoja wa wale watano. Alisema tangu siku ile wimbo haumtoki kichwani, anaomba kujifunza. Baba akamketisha chumba cha mbele, karibu na cherehani yangu, akaanza kumwimbia puani: ukungu, maji, upepo, vyote vizima, bila mahali palipokatwa. Kijana alipuliza vizuri, tena vizuri kuliko mimi. Hakungoja mwisho wa mstari wowote. Nilikaza macho kwenye pindo la mtandio, mguu ukaacha kukanyaga.

Alipomaliza, kijana akakuna kichwa. "Samahani, Mzee. Ila huu siyo nilioujia. Ule wa mjini ulikuwa na mahali unasimama."

Baba alitazama dirishani muda mrefu.

"Ule si wangu," akasema hatimaye. "Ule ni wa huyu hapa. Mwombe mwenyewe."

Kijana akanigeukia. Baba hakugeuka. Nikamwambia kijana kwamba leo nina kazi ya watu, arudi wiki ijayo nitakuwa nimeamua. Aliporudi nilimwambia wiki ijayo tena. Bado sijamfundisha. Si kwamba nambania. Kila nikitaka kuanza, naona lazima kwanza nimweleze nilikuwa namngoja nani pale katikati, na mtu mwenyewe yupo chumba cha pili, anasikia.